Kaza Mpaka Kulia

Mume wangu ni fundi baiskeli hodari, na ni mwalimu mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Mambo haya mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Ukimwomba akuonyeshe namna ya kubadilisha breki, ataanza vizuri, atakupa spana, atakwambia haya, jaribu. Ukishaishika tu, kabla hujaizungusha, utasikia, "Lete hapa." Spana imekwenda. Wewe umebaki mikono mitupu, unatazama mgongo wake. Wamekuja vijana wengi kujifunza kwake, wakaondoka wanaujua mgongo wa Fundi vizuri kuliko wanavyoijua baiskeli.

Mimi kazi yangu ni kusuka nywele. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, karakana yake ni chumba cha nyuma, na katikati kuna ukuta mmoja na ugomvi mmoja wa miaka mingi. Ugomvi wenyewe ni kwamba yeye naye anasema anasuka. Gurudumu la baiskeli lina spoku, zile nyaya ngumu zinazotoka kwenye habu ya katikati mpaka kwenye ringi ya nje, na kule kuzipanga zipishane, hii juu, hii chini, mafundi wanakuita kusuka. Wateja wangu wakimsikia kupitia ukutani akijibu simu, "Niko nasuka, nipigie baadaye," wanacheka mpaka wananiharibia mstari. Nimemwambia mara nyingi atafute neno lake. Ananijibu kwamba mimi ndiye nitafute langu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupanda nywele akafika sokoni.

Nyumbani tunaishi pia na mama yake mzazi. Mimi na mwanawe tunamwita Mama, lakini mtaa mzima unamwita Bibi, na humu nitamwita hivyo hivyo tusichanganyane. Miguu ya Bibi ilichoka kabla yake, ndivyo anavyosema mwenyewe, kwa hiyo anatembelea kiti cha magurudumu. Nasema anatembelea kwa makusudi. Hasukumwi. Mtu akishika vishikio vya nyuma ya kiti chake, hata kwa nia njema, Bibi anavuta breki na kugeuka kumtazama mpaka mtu huyo akumbuke ana shughuli nyingine.

Kila alasiri alikuwa akijiendesha mpaka kituo cha basi kilicho mwisho wa barabara ya pili, ambako nyumba ya rafiki yake wa tangu usichana inatazamana na kituo. Rafiki huyo ni mwalimu mstaafu. Walikuwa wakinywa chai, wakisikiliza redio na kubishana na mtangazaji kana kwamba anawasikia, kisha Bibi anarudi kabla ya giza, amechangamka, na ana habari za kila mtu. Sasa Mwalimu alikuwa anahama. Mwanawe alitaka wakaishi pamoja, mbali huko, safari ya basi ya kutwa, na basi lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi. Bibi alimwahidi kitu kimoja tu: atakwenda kumuaga kituoni kwa magurudumu yake mwenyewe. Akatutangazia na sisi, asije mtu akajitia wema na kumwitia teksi.

Jumatatu ya wiki hiyo, mwenye pikipiki mmoja akampigia honi kwa nyuma. Bibi akageuka ampe maneno yake, na wakati bado anachagua yaliyo mazito, gurudumu la kushoto likaingia mtaroni. Yeye hakupata hata mchubuko. Ringi ilijikunja kama sahani ya bati iliyokaliwa.

Fundi alisema hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi. Ringi ya kipimo kile alikuwa nayo, inaning'inia darini. Akapanda kwenye stuli aiteremshe. Stuli hiyo nilikwisha kumwambia aitupe, lakini mimi nikisema naonekana napiga kelele. Alirudi kutoka hospitali na plasta nyeupe kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, mkono wa kulia, ule anaofanyia kazi. Ringi ilikuwa salama.

Tuliuliza kwa mafundi wengine. Siku hizi wengi wao wanauza magurudumu yaliyosukwa tayari kiwandani, na la kiti cha Bibi hakuna aliyekuwa nalo. Mmoja alikubali kulisuka, ila tumwachie mpaka mwisho wa mwezi. Bibi alisikia yote hayo. Alikaa chumbani kwake, mlango umerudishwa. Wateja wangu waliomzoea walimuulizia, nikasema amepumzika. Iliniuma, siwezi kuficha. Mama mkwe wangu ana mdomo ambao nimeulalamikia tangu naolewa, na nyumba bila mdomo huo ilikuwa kubwa mno.

Ndipo alipoingilia kati binti yetu. Jina tulimpa, lakini amekua akiitwa Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno na mpaka leo hajapumzika. Anasomea kompyuta chuoni. Miezi michache kabla ya hapo, kwa ajili ya kazi ya chuo, alimrekodi baba yake akisuka magurudumu, kamera moja juu, nyingine pembeni, huku akimbana aeleze kwa mdomo kila anachofanya. Kutokana na rekodi hizo akatengeneza programu ya simu. Ina jina refu la kisomi ambalo sijalishika. Mimi naiita mishale. Unaielekeza kamera ya simu kwenye gurudumu, na ndani ya kioo unaliona gurudumu lako lile lile, ila juu yake imejichora mishale na rangi: spoku hii ipite hapa, nati hii izungushwe hivi. Ukisogeza simu, mishale inabaki palepale kwenye gurudumu, haibanduki. Na ukigusa alama fulani pembeni, inatokea mikono ya baba yake, imefifia kidogo, unaona mpaka upande wa pili, ikifanya kazi mahali hasa panapotakiwa mikono yako.

"Mama atasuka," Chiriku akasema mezani siku ya Jumatano.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama plasta yake, akatazama mlango wa chumba cha mama yake, akaacha kucheka. Alisema sawa, yeye atasimama pembeni aelekeze. Mimi na Chiriku tukasema hapana kwa pamoja, jambo lisilotokea mara kwa mara. Tulimwekea masharti. Atakaa kwenye kiti kona ya karakana, mdomo umepigwa kufuli. Neno moja tu, na ataosha vyombo mpaka siku plasta inatoka, kwa mkono wa kushoto. Akakubali, kwa dharau ya mtu anayejua kwamba tutamwita wenyewe.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nikafunga saluni, nikavaa aproni yake, nikaingia. Habu iko mezani, ringi iko mezani, spoku zimepangwa. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto, nikaielekeza, na mshale wa kijani ukatokea vizuri sana ukinionyesha nichukue spoku niipitishe kwenye tundu la habu huku nimeishika ringi. Nikaichukua kwa mkono wa kulia. Sasa ringi naishika na nini? Nikaweka simu chini nishike ringi, mishale ikapotea. Nikachukua simu, ringi ikaanguka. Nikajaribu kuibana simu kidevuni, na kioo kikanionyesha dari. Kutoka kona ya karakana ilisikika pumzi ya puani, ndefu, ya mtu anayeyafurahia maisha.

Chiriku alisema kwamba chuoni waliijaribu kwa mazoezi ya kubadilisha betri ya tochi, na mkono mmoja ulitosha. Alitaka kuishika yeye. Lakini Chiriku akishika kitu anakisimulia, na akisimulia mikono yake inacheza, na simu ikicheza mishale inaweweseka. Nilianza kuona kizunguzungu.

"Nileteeni mimi hapo," ikasema sauti kutoka chumbani.

Mlango ulikuwa wazi kumbe. Tukamtoa Bibi, tukamketisha kwenye kiti cha kawaida mbele yangu, viwiko vyake juu ya meza, simu kati ya viganja. Mikono hiyo imemwendesha mwenyewe kupanda na kushuka mtaa huu kwa miaka. Ilitulia kama msumari ukutani. Mishale nayo ikatulia, na Bibi akaanza kunisomea, kwanza kwa upole, na baada ya muda kwa sauti yake halisi. Kijani, hiyo hapo. Siyo hiyo, jirani yake. Wewe, unasuka au unachambua mchele?

Kazi ikaenda. Nitasema ukweli ambao Fundi ataufurahia mno akiusikia: kusuka gurudumu ni kusuka kweli. Unachukua moja, unaipitisha chini ya hii na juu ya ile, unavuta, unatafuta jirani yake, na mkono ukishajua mwendo, macho yanaweza kupumzika. Pale nilipokwama, Bibi aligusa ile alama pembeni, na mikono ya mume wangu ikatokea juu ya gurudumu. Ile ya zamani, mizima yote miwili. Nikaingiza yangu ndani yake, kidole juu ya kidole, nikafuata. Sikuwahi kufikiri kama ningeona jambo hilo: mikono ya mume wangu inanisubiri. Nikichelewa, inarudia tena mwanzo. Haikuninyang'anya kitu. Nilitazama kona. Fundi alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto ili usimponyoke.

Kuna kitu kimoja tu kilichomshinda. Ile mikono ya kwenye kioo, kila ikikaza nati ya spoku, ilikuwa inapitiliza kidogo, halafu inarudisha nyuma kama upana wa ukucha. Mimi nikawa nafanya vivyo hivyo. Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu. Nikaendelea. Akanionyesha kwa vidole kwamba hapana, hakuna kurudisha. Chiriku akachukua simu, akamwekea usoni rekodi yake mwenyewe. Akaitazama. Mkono wake ulirudisha. Akaiomba tena kwa kidole, mkono ukarudisha tena. Miaka yote hiyo anakaza spoku, na hakujua kwamba anafanya hivyo. Alibaki ameitazama ile mikono kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba anakoroma.

Mpaka jua linaanza kushuka, gurudumu lilikuwa limesimama. Tulilibana kwenye uma, ile miguu miwili ya mbele ya baiskeli kuukuu, uliofungwa mezani kwa kibanio cha jiliwa, tukalizungusha, na ringi ikapita katikati, imenyooka kiasi. Spoku bado zilikuwa laini, zinapinda ukizibonyeza. Ikabaki hatua ya mwisho, ya kukaza. Bibi akainua simu. Spoku zote zinazovuta upande wa kulia zikawaka rangi ya njano, na mshale mkubwa ukaelekea kulia.

"Njano," akasema Bibi. "Kaza."

Nikakaza. Mzunguko wa kwanza ringi ikasogea kulia kidogo. Mishale ikasema endelea. Mzunguko wa pili ikasogea zaidi. Kwenye kona kiti kilianza kutikisika. Nikasikia mguu ukigonga sakafu, kisha plasta ikigonga ukuta. Nikadhani ni kijicho, nikaendelea. Bibi akasema njano, njano, njano, mpaka ringi ikaegemea mguu wa uma na kuanza kukwaruza, na ukilizungusha gurudumu linasimama lenyewe. Tukalijaribu kwenye kiti cha Bibi. Ringi ilibana fremu, kiti hakikutoka hata hatua.

Bibi aliweka simu mezani taratibu. Alitazama lile gurudumu, na sikupenda jinsi uso wake ulivyotulia.

"Si neno," akasema. "Nitampigia simu. Na simu nayo ni kuagana."

Afadhali angetutukana. Fundi akainuka. Alimtazama mama yake, akatazama gurudumu, akaona vyombo vyote vya nyumba hii vinamsubiri, na akafungua mdomo.

"Zilie. Nilisema zilie."

Chiriku akasema hapana, Baba, ulisema kulia. Fundi akasema ndiyo, kulia. Chiriku akasema basi ndiyo hivyo, kulia, nami nimeweka kulia. Fundi akasema hapo hakuna kulia hata kidogo, kuna kuegemea. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimkubalia mwenzake maneno yote na kumkatalia yote, mpaka nikaomba hiyo rekodi tuisikie. Chiriku akaiweka. Sauti ya Fundi ikasema, kwa uchovu wa mtu aliyebanwa maswali toka asubuhi, "Ikishakaa katikati, kaza taratibu, mpaka kulia."

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto, akashika spoku moja ya baiskeli ya mteja iliyokuwa imening'inia ukutani, akaifinya na kuiachia kama uzi wa gitaa. Ikatoa sauti, safi, ndogo. Akaenda kwenye ya pili. Sauti ile ile. Ya tatu, ile ile. Kisha akaja kwenye gurudumu letu, akagusa spoku ya kushoto. Hiyo ilitoa mlio wa kijiko kwenye sufuria ya ugali. "Spoku ikikazwa sawasawa inalia," akasema. "Zote zikilia sauti moja, gurudumu limeiva. Ndiyo kulia huko."

Chiriku alijifunika uso kwa mikono. Baadaye alieleza kwamba alishangaa kidogo wakati ule, lakini aliwahi kuona gurudumu la nyuma la baiskeli, ambalo mnyororo uko upande wa kulia na spoku za upande huo zimekazwa zaidi, akadhani ndiyo siri yenyewe ya ufundi. Nilitaka kumgombeza. Lakini mimi nimekaa kwenye saluni maisha yangu yote nikisikia neno hilohilo kwa maana ya tatu. Mteja wangu akiniambia, "Dada, umekaza mpaka kulia," hazungumzii upande wala muziki. Cheko likanianzia tumboni. Nikamwambia Fundi kwamba kati yetu sasa tumejua tofauti: mimi nasuka mtu asilie, yeye anasuka kitu kilie. Akacheka, Chiriku akacheka ndani ya viganja. Kisha wote tukamtazama Bibi.

"Mmemaliza?" akauliza. "Maana kesho ni Ijumaa."

Hakucheka, lakini hakuomba kurudishwa chumbani.

Ijumaa Chiriku hakwenda chuoni. Alishinda na baba yake wamekaa ubavu kwa ubavu kwenye benchi la saluni, wakipigapiga spoku za kila gurudumu lililokuwa nyumbani, na wateja wangu wakiwa na vichwa nusu walitaka kujua kama hapa sasa panafundishwa muziki. Simu ina masikio, Chiriku alisema, haina macho tu. Akaipa kazi ya kusikiliza. Alasiri tulipokaa tena, njano ilikuwa imeondoka. Ukiipiga spoku, kioo kinaiweka rangi yake: nyekundu kama sauti iko chini, bluu kama imezidi, na kijani ikilia sawasawa na jirani zake.

Nilianza kwa kulegeza nilichoharibu, mpaka ringi ikarudi katikati. Kisha nikakaza moja moja, nikipitiliza na kurudisha upana wa ukucha. Bibi ameshika simu, viwiko mezani. Fundi alikuwa amesogeza kiti chake karibu, kwa sababu adhabu ya vyombo alikwisha kuipata na hakuwa na cha kuogopa tena. Nilikaza, nikapiga. Nyekundu. Nikakaza, nikapiga. Nyekundu. Kufikia pale mkono wangu ulikataa. Sijui niseme vipi. Kuna kiasi cha kuvuta ambacho vidole vyangu vinakijua, na vikifika hapo vinasimama vyenyewe, kwa sababu baada ya hapo kuna kichwa cha mtu.

Niliuona mkono wa kushoto wa mume wangu unanyanyuka. Nilijua kinachofuata, nikaanza kuilegeza spana kabla sijaambiwa lete hapa. Lakini mkono ulitua kwenye meza ukabaki pale.

"Wewe umezoea kusimama kabla mtu hajalia," akasema, taratibu, si kwa sauti ile ya karakana. "Hiki ni chuma. Hakiumii. Endelea, nitakwambia."

Sikumbuki kama amewahi kuniambia nitakwambia. Nikaendelea. Spana ikawa nzito, vidole vikapata alama, na niliipiga ile spoku nikasikia mlio mpya, mwembamba, ulionyooka. Bibi akasema kijani kabla rangi haijatokea. Yeye naye alikuwa ameusikia.

Baada ya hapo hatukuhitaji mishale sana. Mimi nakaza, napiga, Fundi anakunja uso au anakunjua, Bibi anasoma rangi, na Chiriku, aliyekatazwa kusema kwa sababu sauti yake ilikuwa inaichanganya simu, anatembea huku na huku akiwa ameuma shali yake. Mara mbili simu ilisema kijani Fundi akasema bado, tukamsikiliza Fundi. Mara moja Fundi alisema tayari simu ikasema nyekundu, tukapiga tena, na ikawa simu ndiyo iliyosikia vizuri. Alinuna kidogo, kisha akaniomba spoku ile niikaze upya, nami nikaikaza. Tulipolizungusha gurudumu, lilipita katikati ya uma bila kugusa kulia wala kushoto. Bibi alinyoosha mkono akalipitishia kucha, spoku baada ya spoku, na zikalia zote kwa sauti moja.

Jumamosi asubuhi alitoka amevaa gauni lake la bluu. Tulimfuata wote watatu, kwa mbali, kama wezi. Fundi alikuwa anatazama gurudumu tu. Kwenye kona ya kwanza, karibu na ule mtaro, nilisimama, lakini Bibi aliuzunguka kwa heshima na kupita. Kituoni Mwalimu alikuwa amesimama na mabegi yake, anatazama upande wetu. Alipomwona anakuja, peke yake, mikono yake miwili kwenye magurudumu, aliweka begi chini akapiga makofi. Walishikana mikono muda mrefu. Sikusikia waliyoambiana, niliona tu vicheko na kidole cha Bibi kikimwonya mwenzake jambo fulani. Kisha basi likapakia, likaondoka, na Bibi akabaki akipunga mkono mpaka lilipokata kona.

Tulirudi polepole. Yeye mbele, sisi nyuma, hakuna aliyethubutu kugusa kiti. Magari yalikuwa yameanza kuwa mengi, nikaongeza mwendo nikamfikia. Mabega yake yalikuwa yanakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, sawasawa. Tulipofika penye njia panda ya kwenda kwetu niliona amepitiliza macho mbele kama mtu asiyeona pa kukatia.

"Kulia, Mama," nikamwambia.

Akavuta breki. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni.

"Nitalia nikifika nyumbani," akasema. "Hapa barabarani nahitaji kuona ninakokwenda."

Kisha akaachia breki, akakaza kiganja kwenye gurudumu la kushoto akalisukuma, na kukata kona mwenyewe.